Ubao wa Fungu Lako

Mjomba,

Kombo amekufa. Najua ungependa nianze na salamu na dua ndefu, lakini nikianzia huko nitazunguka mpaka karatasi iishe na neno lenyewe sijalisema. Kombo wa boti za plastiki, yule uliyekataa kulitaja jina lake mpaka siku ulipofungwa sanda, amefariki majuzi kwa homa, na amezikwa chini ya ubao wako. Mimi ndiye niliyeutoa.

Haya, nimesema. Sasa nikusalimu. Assalamu alaikum, mjomba wangu. Mungu akupanulie kaburi lako na akutilie nuru ndani yake. Nyumbani hawajambo. Mkaza mjomba mguu unamsumbua lakini ulimi mzima, alhamdulillahi, jana amemtukana mbuzi wa jirani mpaka mwenye mbuzi akaja kuomba radhi. Asubuhi bado anakutilia chai kwa kusahau, kisha anaitazama, kisha anainywa yeye. Mimi sijambo. Nasema sijambo kwa sababu ndivyo mtu anavyosema.

Unaikumbuka siku niliyokuja kukuomba mbao? Nilikuwa nimerudi kisiwani kwetu Chula na begi la bobari ndogondogo za kuchongea na maneno mengi. Mama alikimbia nami mgongoni kwenda Mombasa vita vilipoanza, nikakulia kule kwa watu, nikajifunza kule kuchonga picha, na nilidhani kurudi kwetu ni kuteremka botini tu. Ulizishika bobari zangu moja moja ukizigeuza juani. "Hizi za kuchokolea meno?" ukauliza. Vijana waliokuwa wakikusaidia kuziba mashua wakacheka, nami nikacheka huku nimenuna. Nikakueleza kwamba nachonga ubao, naupaka wino kwa rola, nalaza karatasi juu, nasugua kwa mgongo wa kijiko, na picha inatoka. Nilipochimba panabaki peupe, nilipoacha panatoka peusi, rangi nyingine hakuna. Nikakwambia nataka kuichonga bahari yetu, hii ya nje ya mwamba, ndefu, yote.

"Bahari nyeusi," ukasema. "Umeiona wapi bahari nyeusi, mwana wewe? Na tangu lini asiyejua kuogelea akachonga maji?"

Nilikasirika nikaenda kulala bila kula. Kesho yake ukapanda darini mwenyewe, na magoti yako yale, ukashuka na ubao wa mbambakofi umejaa vumbi. Ukaumwagia maji ya kata. Mishipa ya mti ikatokea, imelala mawimbi mawimbi, pengine imekaza pengine imelegea, na kwenye fundo moja yote inazunguka kama mkondo unavyozunguka pale mlangoni mwa mwamba. Niliifuata kwa kidole. Wewe ulifurahi mno kuniona nimesahau hasira.

"Tazama," ukasema. "Nusu ya kazi Mungu ameshaifanya. Wewe usiharibu tu."

Nikakuuliza ulikuwa umeuwekea nini. Ukasema, "Ni ubao tu. Chukua kabla sijabadili nia."

Nami nikachukua. Mtoto aliyekulia kisiwani hapa angeuliza mara ya pili. Angejua kwamba mbao za darini kwa fundi wa mashua hazikai bure. Hapa petu mtu akifa, wenyewe huja kupiga hodi kwa fundi kuchukua viunza, zile mbao za kumfunikia maiti ndani ya kaburi ili mchanga usimwangukie. Fundi halipwi, wala haombwi mara mbili. Kisiwa hakina miti ya kutoa ubao, wote unatoka bara, na kila mashua uliyoiunda uliondoa kwanza mbao za watu ukazipandisha darini, ndipo ukalaza mkuku, uti wa chombo. Na fundi ana fungu lake mwenyewe, lile zuri kuliko yote, limekaa nyuma kabisa. Jambo hili watoto wa madrasa wanalijua. Mimi Mombasa nilizoea kuona viunza vinanunuliwa mjini kama misumari.

Tukaanza kazi. Nasema tukaanza, maana hukuniacha nipumue. Ukimaliza swala ya alasiri unakuja kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, unaangalia. "Hiyo si bahari, hiyo mkeka," ukasema siku ya kwanza, na ilikuwa kweli, mistari yangu ilikuwa imepangwa kama ukili. Ukanifundisha kwamba maji yana uzito, kwamba mahali pazito mistari isogeleane mpaka jicho lichoke, na penye wepesi niache ubao upumue. Ukaniambia maji ya juu ya mwamba na maji ya kina hayafanani hata kidogo, fundi wa mashua anayajua kwa jinsi yanavyogonga ubavu. Ulifumba macho ukagonga paja lako kwa kiganja kunionyesha. Hivi kwa mwamba. Hivi kwa kina. Nilichonga nikifuata mapigo ya paja lako, mjomba, na mpaka leo sijui kama kuna mwanafunzi yeyote kule nilikosomea aliyefundishwa hivyo.

Kuna siku nilitaka kutia samaki pembeni, ukanikataza. "Samaki wa ubao haliki. Yaache maji yakae peke yake." Basi hapana samaki, hapana chombo, hapana mtu. Maji tu, kutoka ncha hii mpaka ncha hii.

Ukawa unaniuliza, "Lini utapiga karatasi nione?" Nami nasema bado. Bado pale kwenye fundo, bado ukingo wa kushoto, bado, bado. Ulikuwa unakohoa na mimi nasema bado. Ningeweza kukuchapia hata kipande, mjomba. Wino ulikuwepo na kijiko kilikuwepo. Nilitaka uione imekamilika ili unisifu mara moja kwa jumla, kwa kuwa sifa zako zilikuwa adimu kuliko mvua ya kiangazi, na kwa uroho huo umekufa ukiwa umeipapasa kwa vidole tu. Hukuiona nyeusi ikawa bahari. Hili linaniuma kuliko unavyoweza kukadiria, na majuto ni mjukuu, huyu wangu amekuja na mizigo yake yote.

Siku uliyofariki wanaume walipanda darini kuteremsha fungu lako. Nikasikia juu wananong'ona. Mmoja akachungulia akasema kwa sauti ya chini kwamba viunza vimepungua, ubao mmoja hauko, na pengo lake halizibiki kwa makuti. Siku hizi dari tupu. Watu wote wananunua boti za faiba Kismayu, hakuna anayeunda, mbao haziji tena.

Nilielewa pale pale. Nikaingia chumbani, nikaubeba ubao kichwani, nikatoka nao uani mbele ya watu nikilia, nimekusudia kabisa, wallahi nilikusudia. Mkaza mjomba akainuka alipokuwa amekaa. Akaushika, akapitisha kiganja juu ya maji niliyoyachonga.

"Rudisha," akaniambia. "Huu kakupa yeye kwa mkono wake. Nilimwambia, mume wangu, hilo ni fungu lako, akanijibu, mimi huko chini sitauona, mwache mtoto aufanye bahari. Rudisha ndani, Fatuma."

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe, na hili hata mkaza mjomba sijamwambia. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Wewe umelala mle ndani unaoshwa, kichwani nimebeba ubao wa kaburi lako, na mimi nilifurahi kwamba nimenusurika. Nilisema alhamdulillahi kimoyomoyo. Niliurudisha chumbani haraka haraka, nikaufunika kwa kanga, mtu asije akabadili mawazo. Tangu siku ile nikiisikia ile alhamdulillahi nataka kujificha.

Na unajua nani aliyeziba pengo? Kombo. Kombo aliyekwambia mbele ya watu kwamba mashua za mbao siku hizi ni za kufugia kuku, nawe ukamjibu kuni zilizo uchagani huzicheka zilizo motoni, mkaachana hapo mpaka kufa. Hakuwa ametia mguu nyumbani kwako tangu neno lile. Alikuja na ubao wa kasha la bidhaa za bandarini, una maandishi ya kigeni yamekwaruzwa nusu. Misumari alikuwa ameshaing'oa. Akaomba randa yako, akakaa chini uani akaupiga mwenyewe, vibaya, maana mkono wa randa hakuwa nao, akitoka jasho na hakuna aliyemsemesha. Mkaza mjomba alimpelekea maji. "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," akasema, na Kombo akayanywa bila kuinua uso.

Hivyo ndivyo ulivyozikwa. Wewe uliyewafunika watu wa kisiwa kizima kwa mbambakofi, umefunikwa kwa kasha, na bahari yangu imelala chumbani chini ya kanga.

Ungedhani baada ya hapo mkono ungekataa kuchonga. Haukukataa. Nilichonga vizuri kuliko mwanzo. Nilimaliza ukingo wa kushoto, nikamaliza fundo, pale maji yanapozunguka nikaweka mistari myembamba mpaka bobari ikaomba msamaha, na nikiona imetoka sawa nafurahi, kisha nakukumbuka, kisha naendelea. Nikapeleka habari Mombasa. Wakajibu kuna maonyesho, wanaitaka picha, wanataka chapa za kutosha za kuuza na moja ya kutundika mlangoni. Karatasi ndefu ikaletwa kwa boti kutoka Kismayu, imeviringishwa ndani ya nailoni. Nilikuwa nangoja siku isiyo na upepo wa vumbi.

Siku hiyo ikaja, nikaandaa wino, na kabla ya adhuhuri Bwanaheri, mtoto mkubwa wa Kombo, akapiga hodi.

Alisimama mlangoni na kofia mkononi. "Mze katutoka. Tumekuja kwa ajili ya mbao." Akainamisha kichwa, maana alijua dari tupu, kisiwa kizima kinajua, lakini mila ni mila, unakwenda kwa fundi kwanza hata kama fundi mwenyewe kaburini. Walikuwa wamekusanya mbao mbili tatu, vipande vya mlango wa zamani. Walipungukiwa ule wa kati.

Mjomba, ningeweza kusema hakuna. Ilikuwa kweli nusu. Nilifungua mdomo niseme, nikakusikia wewe. Mara ngapi ulikuwa ukiulizwa kwa nini unampa viunza hata aliyekuibia, hata aliyekusengenya, ukajibu kwa lugha yetu ile ile kwamba mtu ni mtu, "Mchu ni mchu." Unarudi kwenye kazi yako, basi. Nikasema, "Ubao uko. Nipeni kidogo, niutafute."

Niutafute! Upo pale nyuma yangu, ubavuni mwa kitanda. Nilisema uongo mlangoni kwa mfiwa ili nipate muda. Nikafunga mlango, nikamimina wino, nikaanza kupiga rola kama mwenda wazimu. Nilitaka chapa moja. Moja tu. Mkaza mjomba akaingia kwa mlango wa jikoni akanikuta nimepiga magoti juu ya ubao, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, akaelewa yote.

"Maiti hangojeshwi, Fatuma," akasema.

Nilikuwa nalia nikipaka. Akanitazama kidogo, kisha akanawa mikono kwenye kata, akajifuta kwa leso yake, akashika ncha ya pili ya karatasi. Tukailaza pamoja. Yeye alishikilia, mimi nikasugua kwa kijiko, ukingo mpaka ukingo, na nje nasikia Bwanaheri anakohoa kwa adabu. Upande mmoja nilisugua kwa pupa, karatasi ikateleza, wino ukafanya doa. Tulipoinua, mkaza mjomba akashika kinywa chake. Sikuiangalia. Niliogopa nikiiangalia sitautoa ubao.

Nikautoa. Mbichi, unanuka wino, unang'aa. Bwanaheri alinyoosha mikono akaupokea na mikono yake ikawa myeusi, kanzu yake nyeupe ikaingia bahari kifuani. Akautazama. Akanitazama mikono. Akajua kwamba nilimsimamisha mlangoni na baba yake hajazikwa ili nichape picha. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza kusema, "Nisamehe, kaka, nilikuwa..." Akanikata.

"Baba alisema huu ubao aliuona kichwani mwako siku ya mazishi ya fundi, akiwa kasimama nje ya ua," akasema. "Alisema hajawahi kuona maji yaliyotulia vile." Akaupeleka.

Walimwuliza mwalimu wa madrasa kama ubao wenye mchoro unafaa. Akauliza kuna kiumbe? Wakasema maji tu. Akasema basi, wino si najisi, sugueni kwa mchanga. Wakasugua wakachoka, haukutoka wote. Wanawake hatuendi makaburini, unajua, kwa hiyo nimeambiwa tu. Waliulaza uso chini. Kombo anaiangalia bahari yako na yangu, na yeye hakuunda hata ngalawa maishani mwake.

Umenuna? Niambie ukweli. Nakujua wewe, utasema mchu ni mchu kwa mdomo, kisha utakwenda kupiga nyundo kwa hasira mpaka magharibi. Wewe nilikunyima, na nilifurahi kukunyima. Yeye nikampa, na hata katika kumpa nimetia uongo na pupa na kumchelewesha maiti wa watu. Sikuweza kutoa kitu safi hata mara moja. Mmezikwa karibu, ati, wanaume wameniambia ni hatua chache. Wewe chini ya kasha lake, yeye chini ya mbambakofi yako. Sijui mnasemaje huko. Nataraji mmeshaanza tena kugombana juu ya faiba, maana nyinyi wawili mkinyamaza nitaona kweli mmekufa.

Kutoka Mombasa wameuliza chapa ziko wapi. Nimewaambia ipo moja, ina doa, na ubao haupo tena. Wakauliza umepotea? Nikasema umetumika. Hawakuelewa na sikuwaeleza, wamealika mtu mwingine. Nililia siku nzima, nisikudanganye. Mkaza mjomba akanipikia mikate ya mofa na samaki wa nazi akaniacha nilie.

Chapa yenyewe nimeiangalia hatimaye. Ni nzuri, mjomba. Naisema bila aibu kwa kuwa nusu ni yako na nusu ya huo mti. Pale kwenye kina maji yamekuwa mazito mpaka mtu anaogopa kuweka mkono. Mkaza mjomba anataka tuitundike sebuleni. Mimi siwezi bado. Imeviringishwa ndani ya nailoni yake.

Sasa nikuage, nami nikuahidi jambo, kwa sababu dua peke yake naona kama nimekuachia kazi zote wewe na Mungu.

Wiki hii boti ya Burgao imeleta mbao za mtu anayejenga msikiti, na chache zimebaki. Nimezinunua. Mmoja kati ya hizo ni wa mbambakofi, na nilipoumwagia maji nikaona mishipa yake. Ni bora kuliko ule wa kwanza. Umelala kimya kabisa, laini, kama maji ya kusi ilipokatika, na nimeshaona hata mahali pa kuanzia bobari. Usiku mzima mkono umekuwa ukiniwasha.

Asubuhi hii nimeazima msumeno wako, nimeukata kipimo cha kaburi, nimeupandisha darini. Mtu wa kwanza atakayepiga hodi ni wake, awe nani, na sitamsimamisha mlangoni.

Lala salama, mjomba. Mpwa wako, Fatuma.